Kupitia kwa Mchungaji

Jumatatu, 5 Mei
Darasa la uraia tena, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Phillips, hapa Minnesota. Watu wazima saba. Nilieleza amri ya kale, ya mwaka 1807: Waingereza na Wafaransa walikamata meli za Marekani, rais akajibu kwa kuzuia meli zake mwenyewe zisitoke bandarini. Walioumia ni mabaharia na wenye maduka. Wakamwandikia rais kulalamika. Mama Furaha, muuza vitenge, akauliza barua zao zilipitia kwa nani. Sikujua.

Ana sababu ya kuuliza. Ushuru mpya wa bidhaa za nje umekwamisha mzigo wake, na mwenye jengo anataka chumba cha duka kiachwe mwisho wa mwezi. Barua yake kwa mbunge niliiandika mimi, wiki tatu sasa. Kimya.

Alhamisi, 8 Mei
Nimesoma kuhusu zile barua za kale. Hazikupitia kwa mtu. Moja kwa moja kwa rais. Wengine walimtukana kabisa.

Ijumaa, 9 Mei
Kumbe barua yetu kwa mbunge haijatoka. Niliandika juu yake "Kupitia kwa Mchungaji", kama tulivyofundishwa, nikampelekea agonge muhuri na kuituma. Bado imo kwenye droo yake. Anasema siku hizi tukae kimya, sisi ni wageni.

Nimekasirika. Nimemkasirikia yeye, na zaidi nafsi yangu. Hakuna aliyetudai muhuri. Nilipokuwa mkuu wa shule Tabora, kila barua ya mwalimu ambayo haikupitia kwangu niliirudisha bila kuisoma. Kumbe droo ile nimekuja nayo mwenyewe kutoka Tabora hadi Minnesota.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeiandika upya. Nimefuta mstari wa mchungaji. Nimefuta pia "kwa unyenyekevu mkubwa". Binti yangu alipoisoma alisema, "Baba, sasa inauma." Vizuri.

Nilimwonya Mama Furaha kwamba jina lake litaonekana, naye bado si raia.

"Vita ndiyo nilikimbia, Mwalimu. Karatasi, hapana."

Akasaini. Nikasaini chini yake. Tumeituma.

Jumapili, 11 Mei
Mchungaji alihubiri juu ya utii. Aliniangalia. Nami nikamwangalia.

Ijumaa, 30 Mei
Hakuna jibu. Duka limefungwa. Nilimsaidia kukunja vitenge vilivyobaki. Atauzia nyumbani kwake. Kisha akatoa barua ya pili kwa mbunge, kaiandika mwenyewe, akanipa nisahihishe. Makosa yalikuwa mawili. Sikuyagusa.

Tukatembea hadi sanduku la posta. Akaitumbukiza mwenyewe.