Jiwe la Baba Skola

Jumatano, 10 Juni
Nimemaliza kuanika. Mpunga umeingia kwenye magunia, turubai la buluu nimelikunja na kulisukuma chini ya kitanda. Miguu inaniwasha kwa makapi. Mume wangu alinitazama kutoka kwenye kiti chake, akatikisa kichwa. Tangu kiharusi kimpooze upande wa kushoto mara nyingi tunagombana kwa macho tu. Siku zote ameniomba turubai libaki uani siku za mnada. Siku zote nimelikunja. Makusudi.

Alhamisi, 11 Juni
Fundi amekaza breki za baiskeli ya mume wangu. Jumamosi nitapandisha mchele mwenyewe hadi mnada wa Ufipa, juu mlimani, maana yeye hawezi tena. Ila nisijidanganye, siendi kwa ajili ya mchele. Miaka ishirini amepanda ule mlima kila Jumamosi, na kila Jumamosi alichelewa kurudi. Ukimuuliza: nilikaa kwenye jiwe, naangalia nyumbani. Nyumba gani itaonekana kutoka kule juu? Mimi nilijua ni mwanamke. Wivu umenila mpaka nimezeeka.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemwambia naenda. Nilitegemea atashtuka. Amecheka, nusu ya mdomo.
"Ukifika jiweni geuka, Mama Skola. Utatuona."
Hata sasa! Nimemjibu vibaya. Sijutii. Skola, binti yetu, amesharudi Mpanda, kwa hiyo kesho baba yake atabaki peke yake. Uji nitamwachia kwenye chupa.

Jumamosi, 13 Juni
Nimepanda kwa kusukuma baiskeli. Kokoto, jasho, goti linalia. Nilimtukana njia nzima. Jiwe lipo kweli, ukingoni kabisa, juu pamelainika kwa kukaliwa. Nikageuka.

Mungu wangu. Bonde lote! Sikujua tunaishi mahali pakubwa hivi. Ziwa Rukwa kule mwisho linang'aa, ng'ambo haionekani. Majaruba yetu ya mpunga yamekuwa viraka vya njano, na kivuli cha wingu moja kinafunika vijiji viwili. Miaka hamsini na minne nimeinama humo nikiangalia matope. Nilisahau mzigo. Nilisahau hasira. Nilisimama mdomo wazi.

Kisha nikatafuta nyumbani. Paa la kanisa nililiona. Baada yake mabati, migomba, mabati tena. Yote sawa. Kwangu sipaoni. Nikasema haya, mwongo ni mwongo. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Nimeshashika baiskeli niondoke, kando ya bati moja kikatokea kidoa cha buluu. Kidogo kama ukucha. Kikatanuka. Kikatulia. Kikatanuka tena, polepole mno.

Turubai nililiacha chini ya kitanda. Nyumbani hayupo mtu ila yeye na mkono mmoja.

Nikakaa palepale palipolainika, nikalia kwa sauti. Nikaangalia tena, na tena. Mnada niliukuta unafungwa.

Jumapili, 14 Juni
Misa ya kwanza. Kiwiko chake kimechubuka, nimekipaka mafuta. Turubai bado liko uani. Pembe tatu zina mawe. Ya nne hakuifikia.

Nimeiwekea jiwe. Tumekunywa uji nje, tukiangalia mlima. Mpunga wote uko kwenye magunia. Turubai nimeliacha.