Bomba Nililolizika Mwenyewe

Jumatatu, 10 Machi 2025
Kitale. Mama Kabura ameniita kutoka nyumbani kwangu Matulo nionyeshe bomba la choo chini ya jengo lake. Nililizika mwenyewe 1979. Ramani hakuna — ramani ni mimi. Siku hizi hawachimbi, bana. Fundi Kiragu anasukuma soksi ndefu ya gundi ndani ya bomba bovu, anaijaza hewa, ikikauka ni bomba jipya. Nikamwambia hata mimi aniwekee moja, aanzie kooni. Alicheka sana.

Soksi inaziba kila tundu la pembeni, pale mabomba ya vyumba yanapoingilia, kwa hivyo lazima ajue yapi ya kufungua tena. Kamera imeonyesha matano. Nikasema la mwisho nililikata zamani, limekufa. Akataka kumwaga maji ya rangi jikoni kwa binti yangu Nelima, mwenye hoteli humu chini, aone kama yatatokea kwa tundu hilo. Nikamuuliza 1979 alikuwa wapi. Akaona haya mbele ya mzee. Akaacha.

Jumatano, 12 Machi
Soksi imekauka. Matundu manne yamefunguliwa. Mashine ya kukata matundu imerudi Nairobi.

Alhamisi, 13 Machi
La tano ndilo la Nelima. Uchafu wa vyumba vyote vya juu yake umekosa pa kupita, umepanda jikoni mwa hoteli yake, mpaka kwa gunia la maharagwe. Afisa wa afya amefunga mlango. Nililokata ni la jirani, upande ule mwingine. Miaka arobaini na zaidi nimelijua hilo. Jumatatu sikulijua.

Januari nilisahau moto jikoni kwangu, nyumba ikaponea kidogo. Nelima alisema, Baba, ukisahau tena, nyumba ya Matulo tunaifunga, unakuja kukaa na mimi. Mama yake tumemzika huko. Nani atamsalimia asubuhi?

Ijumaa, 14 Machi
Nelima amechota uchafu tangu alfajiri, akimtusi Kiragu. Ati macho ya mashine na bado kipofu. Mama Kabura amefika: kazi ya jengo lake lingine la Bungoma, aliyomwahidi Kiragu, atampa mtu mwingine, isipokuwa Kiragu aseme nani alimwambia tundu limekufa.

Kiragu akaangalia viatu vyake. Halafu akaniangalia mimi.

Nelima akanawa mikono, akanivutia kiti. "Keti, Baba. Umechoka. Haya si mambo yako."

Nikaketi. Akanimiminia chai ya thermos, nikanywa. Kiragu bado amesimama.