Zamu ya Baba Garam

Raphaela, shika simu! Nimefanya jambo leo, uso sijui nitauweka wapi.

Unajua Kwaresima hii tunanakili Injili kwa mkono kwenye daftari moja, kila jioni mmoja na ukurasa wake, ili watoto wazoee kusali. Leo nafungua, nakuta mume wangu kashaandika kurasa zake ZOTE. Mpaka Pasaka! Na hii ni wiki ya pili tu!

Nikawaka. "Sala nayo unailipua kama kazi ya ofisini?"

Garam akacheka, "Baba kaibia!"

Baba yake kimya, anamchambua samaki wake.

Kile kimya ndicho kilichonipandisha hasira. Nikazichana zile kurasa mbele ya watoto, nikatupa kwenye pipa.

Watoto walipoenda kuoga ndipo akasema, polepole: "Mama Garam, majibu ya hospitali yalitoka Jumatatu. Pasaka sijui kama nitafika. Sikutaka ikifika zamu yangu watoto wakute pengo."

Wasikute pengo, Raphaela!

Sasa nimepiga magoti jikoni, naziokota pipani. Zimelowa maji ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, wino umetapakaa.

Mwandiko wa ule ukurasa wa Pasaka ulikuwa mzuri kuliko yote.