Mbegu Inayongoja Dawa

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Likoni hatujambo. Mamako kikohozi kimemtoka, na mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika vizuri.

Umeniuliza kama ningepanda hayo mahindi mnayoyachunguza huko chuoni, ambayo jeni yake ya kustahimili ukame hulala mpaka mkulima ayanyunyizie dawa maalumu. Sikukujibu upesi, kwa sababu nilimkumbuka babu yangu.

Nilipokuwa msichana, mbegu zetu zilikaa kwenye uchaga juu ya meko, zipate moshi, wadudu wasiziguse. Hakuna aliyeruhusiwa kuziteremsha ila babu. Mwaka mmoja alikwenda matangani Vanga, na mvua ikanyesha kabla hajarudi. Jirani zetu wakapanda. Sisi tulikaa jikoni, majembe tumeyaegemeza ukutani, mbegu tukiziona pale juu. Mama alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

Babu aliporudi, udongo ulikuwa umeanza kukauka. Hakumgombeza mtu. Aliteremsha hindi la kwanza, akamtia mama mkononi, akasema, "Siku nyingine msiningoje."

Kwa hiyo, mwanangu, siiogopi jeni yenu inayolala. Hata mbegu zetu hulala mpaka maji yaziamshe, na maji hutoka kwa Mungu. Lakini hiyo dawa yenu, siku ukame utakapotuingilia huku, itakuwa kwenye uchaga wa nani?

Bibi yako,
Mwanahamisi