Kidole cha Juu Kabisa

Nchelenge, tarehe 9 Novemba 1956

Yaya Dorica, dada yangu mukubwa,

Jambo sana kwako na kwa shemeji kule Kasenga, ngambo ya muto. Mama anakohoa kidogo tu. Imbwa yako uliyetuachia amezaa watoto wanne, mumoja mweusi kabisa. Samaki wamerudi katika ziwa la Mofwe. Barua hii nimeianza mara tatu.

Unakumbuka ulipokuja Pasaka, ile karatasi ya chama yetu ya kutunza wanyama? Tuliomba serikali iache kupiga risasi imbwa wasio na leseni. Wewe ni mukubwa wetu, tukakupa karatasi mbele ya wote kwa heshima. Ukaweka kidole juu kabisa, sisi tukafuata chini.

Sasa fomu ya kodi imefika. Inauliza kama mwaka huu chama ilisukuma serikali ibadili sheria. Tukijibu ndiyo, tutatozwa kodi kama duka, na dawa za imbwa na mbuzi zitakwisha. Madamu Hollis, ule muzungu mukubwa wa chama, akaniambia:

“Kafula, wewe ndiye karani. Andika hapana. Eleza kwamba ile karatasi ilikuwa kazi ya mutu mumoja.”

Nikamuuliza mutu gani. Akagusa alama ya kidole chako.

Asubuhi nilikataa. Mchana niliandika kwamba ilikuwa kazi yako.

Jana mesenja wa boma, mutumishi wa serikali, alikuja na ile karatasi kuuliza utavuka lini, wapate kukushika. Nilisema sijui. Yaya, usije Krismasi. Mama alikuwa anakungoja sana. Nimemwambia ni wewe umekataa.

Mudogo wako,
Kafula