Ndaya, Uliyetafuta Anwani ya Macho ya Abigaïl

Dada Ndaya, siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ukoo mzima ulinisikia.

Mwaka mmoja umezunguka tangu homa ikuchukue Lubumbashi, tukakurudisha Kamina kukuzika. Wewe mwenye kunawa mikono mpaka sabuni inaomba huruma! Wewe uliyekula bukari, ugali wetu, mbio mbio ili urudi maabara kwenye mikroskopi yako.

Abigaïl wangu alizaliwa na macho ya buluu. Mke wangu Mireille ni binti wa askari, amekulia Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, na pale wageni weupe hupita. Mimi ninayecheka kila kitu nikacheka vibaya, mbele ya watu: "Huyu mutoto, baba yake alishuka na ndege." Watu wakaangua kicheko. Mireille akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwao.

Hukunigombeza. Ulikuja na sanduku lako la barafu, ukauliza tu: "Kitwa, juu ya nini weye na marehemu baba mulikuwa munanyoa nywele ya mbele?"

 Nywele zetu za mbele huota nyeupe tangu utotoni. Wanaume wa kwetu huzinyoa kabla ya kuposa, kisha hakuna anayezitaja tena.

Ukazunguka na pikipiki mpaka Kabondo-Dianda, ukiomba damu kwa ndugu wenye alama hiyo na kwa wasio nayo. Nilikuita muuza damu. Ukacheka, ukachukua na yangu.

Ulikuwa unatafuta anwani ya jeni. Ukaipata kwenye kromosomu ya pili, karibu na ncha ya mkono wake mrefu. Ukatueleza pale nyumbani, mama akisikiliza: "Hii jeni njo kapita, musimamizi wa kazi. Yeye habebe matofali, anatumaka jeni zingine kazi. Akikosa kidogo tu, rangi haifike kwa nywele, ao kwa macho." Kosa hilo lilikuwa kwangu na kwa Abigaïl. Kwa Mireille halikuwepo.

Utani uliniishia. Nilikwenda Base na mbuzi wa kuomba msamaha, wewe ukitangulia, kwa sababu mimi nilishindwa hata kubisha hodi. Ulibisha wewe. Nilisema nitakushukuru kesho, homa ikaniwahi. Mpaka leo naona haya kupita mbele ya picha yako.

Tunaokukumbuka: mama yako Marceline, mimi mdogo wako Kitwa, wifi yako Mireille, na Abigaïl, anayekuita tantine, shangazi yake, kana kwamba umetoka sokoni sasa hivi. Maadamu tunapumua, hututoki moyoni.

Nilitaka kumalizia hapa kwa kuandika kwamba ulisafisha jina la Mireille. Alikataa. Nikabishana naye, nikamwambia ni maneno mazuri, hata mama ameyapenda.

"Jina yangu haikukuwa chafu," akasema. "Kinywa yako njo alisafisha."