Mdhamini wa Kapteni

Bariadi, Ijumaa

Dada Nyamizi,

Mwangaluka. Mama goti limepona, na pamba ya Dutwa imeota vizuri. Barua hii nampa kondakta mkononi, maana simu yangu siiamini tena.

Ule mchezo wa vita wa mtandaoni, ambao wewe ulikuwa unanicheka nikiipigia simu saluti, nimeuacha Jumatatu. Nilichoka kuamrishwa na watu nisiowajua hata sura. Kule kuruta akilinda ngome mwezi mzima anakuwa koplo; akileta makuruta watano, sajenti. Ukapteni una sharti lake: unaandika mdhamini, ndugu yako wa damu, na nyumba anayolala. Ukitoroka kikosi, anaadhibiwa yeye. Sisi wachezaji tulicheka sana tulipolisoma.

Leo nimepata habari za Kapteni Paschal wa Sola, aliyetoroka kabla yangu. Mdhamini wake alikuwa mjomba wake. Mzee kaamka akakuta ng'ombe wote wamekatwa mikia, na mlangoni kwake pamechorwa nyota tatu za cheo.

Mimi nilipata ukapteni Pasaka. Nilikuandika wewe.

Hama leo hii, dada. Wewe huna ng'ombe.

Mdogo wako,
Bujiku